Mlipuko wa panya Dodoma: tunahesabu watoto, siku hatuzihesabu

Kila mvua zinapokaribia na wakulima wa Kongwa, Mpwapwa, Bahi na Chamwino wakaanza kuchambua mbegu, maneno ya panya hurudi vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp. Siku hizi maneno hayo yamechukua sura nyingine. Inasemwa kwamba panya wamebadilika, kwamba wanazaa kuliko wale wa zamani, kwamba pengine ni mbegu mpya iliyoingia, na kwamba dawa iliyobaki ni moja tu: sumu nyingi, kila mahali, na kuua kila mnyama mdogo anayeonekana kando ya shamba. Hofu hiyo ina msingi. Mtu aliyepanda mahindi Jumatatu na Ijumaa akakuta mashimo ya kupandia yamefukuliwa mstari mzima hahitaji kuambiwa kwamba panya ni janga. Lakini maelezo yanayotolewa si sahihi, na yakiwa si sahihi hata sumu hutumika vibaya. Panya shamba hajabadilika. Wingi wa watoto wake ni bei anayolipia vifo, naye amekuwa akiilipa tangu kabla mkulima hajafyeka pori la kwanza. Kinachofanya panya wafurike mwaka mmoja na wasifurike mwaka mwingine hakitokani sana na idadi ya watoto katika mzao mmoja. Kinatokana na umri ambao watoto wa kike wa mzao ule wanaanza kuzaa wao wenyewe. Asiyeiona tofauti hiyo atamwaga sumu wakati ambao panya hawaisikii, na watakaoangamia ni wanyama wengine ambao uzazi wao haukuumbwa kwa hasara kama hiyo.

Tuanze na mhusika mwenyewe. Panya anayefukua mbegu katika sehemu kubwa ya Tanzania ni panya shamba, ambaye jina lake la kisayansi ni Mastomys natalensis. Mkubwa ana uzito wa gramu 40 hadi 60 hivi, rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia, tumbo jeupe la kufifia, na mkia unaokaribia urefu wa mwili. Ukimgeuza jike tumbo juu utaona kitu ambacho panya wengi hawana: safu mbili za chuchu zilizopangana tangu kifuani hadi kinenani, nane hadi kumi na mbili kila upande, yaani 16 hadi 24 kwa jumla. Jina la Mastomys lenyewe limetokana na maneno ya Kigiriki ya titi na panya, na mnyama huyu aliandikwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1834. Mwaka 1986 mtafiti Avery Gilbert alionyesha kwamba katika jamii ya panya kwa ujumla, wastani wa watoto katika mzao mmoja ni karibu nusu ya idadi ya chuchu, na kiwango cha juu kabisa hukaribia idadi ya chuchu zote. Panya shamba anaifuata kanuni hiyo vizuri: kwa kawaida huzaa watoto 10 hadi 12, na mara chache hufika 20 na zaidi. Chuchu hizo hazikuota baada ya mbolea za viwandani wala baada ya sumu ya kwanza kuuzwa dukani. Huyu anayelaumiwa leo kwa kuzaa kupita kiasi ni yule yule aliyekuwa akiwafukulia mababu mtama na uwele.

Sasa mweke pembeni ya mnyama mwingine anayeishi katika vichaka vya ukanda wetu mkavu: sange, yule mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza na miguu ya nyuma mirefu, anayekimbia kwenye vijia vyake alivyovisafisha mwenyewe chini ya vichaka. Sange mwekundu, Elephantulus rufescens, ana uzito wa gramu 50 hadi 60. Kwa mizani, hapishani na panya shamba. Lakini panya shamba hubeba mimba siku 23 na kuzaa watoto kumi na zaidi wenye gramu mbili mbili, wakiwa uchi, macho yamefunga, masikio yameziba, wasioweza hata kujipasha joto. Sange hubeba mimba karibu miezi miwili na kuzaa mtoto mmoja au wawili wenye gramu kumi hivi kila mmoja, wakiwa na manyoya kamili na macho wazi, na muda mfupi baadaye wanaweza kukimbia. Mizani haisemi kwa nini wanyama wawili wenye uzito mmoja, wanaolowa mvua moja na kuona jua moja, wameenda njia mbili zilizo mbali namna hii. Jibu liko katika namna wanavyokufa.

Mwanabiolojia Mwingereza David Lack aliuliza swali hili kwa ndege mwaka 1947, na mwaka uliofuata akaliuliza kwa wanyama wanaonyonyesha. Kwa nini mama asizae zaidi? Jibu lake lilikuwa kwamba uteuzi wa asili hauhesabu wanaozaliwa. Unahesabu wanaofika ukubwani. Mwaka 1974 Christopher Smith na Stephen Fretwell waliliweka jambo hilo katika hesabu ambayo mkulima yeyote anaweza kuifanya kwa vidole. Chukua panya jike wa gramu 50 mwenye uwezo wa kutengeneza gramu 22 za watoto. Anaweza kuzigawa kwa watoto 22 wa gramu moja moja, au 11 wa gramu mbili mbili, au watano wanaozidi gramu nne. Mtoto wa gramu moja ni mdogo mno: ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na mwili, joto linamtoka kuliko analoweza kulitengeneza, na mama akitoka kutafuta chakula anapoa hadi kufa. Mtoto wa gramu nne ana nguvu zaidi, ndiyo, lakini ndani ya shimo lenye majani makavu na ndugu waliokumbatiana, gramu mbili za ziada hazimwongezei sana nafasi ya kuishi. Atakapotoka nje, nyoka, bundi na njaa havitauliza alizaliwa na gramu ngapi. Kwa hiyo faida ya kumkuza mtoto mmoja mmoja inaisha mapema, na kilichobaki katika mfuko wa mama hutumika kuongeza idadi. Hesabu hiyo inatoa tokeo moja lenye uzito kwetu: mama akipata chakula kingi zaidi, hatarajiwi kuzaa watoto wakubwa zaidi, anatarajiwa kuzaa wengi zaidi wa ukubwa ule ule. Neema ya mvua kwa panya inageuka vichwa.

Kwa sange hesabu inageuka. Sange mwekundu hana shimo wala kiota. Galen Rathbun, aliyewafuatilia nchini Kenya miaka ya 1970, alieleza maisha yao ya kichakani bila makao ya kujificha: mtoto hubaki chini ya kichaka na mama hupita kumnyonyesha kwa muda mfupi tu. Mtoto wa gramu mbili asiye na manyoya, katika mahali kama hapo, angekuwa chakula cha siafu kabla ya jua kuzama. Mama hana budi kumkuza ndani ya tumbo hadi awe na macho ya kuona hatari na miguu ya kuikimbia. Tofauti hiyo wafugaji wanaiona bandani bila kuitilia maanani. Sungura wa kufugwa, ambaye asili yake ni mnyama wa mashimo, hubeba mimba siku 31, hujinyofoa manyoya kutengeneza kiota, na kuzaa sita hadi nane walio uchi. Sungura wa porini tunayemshtua kwenye nyasi, ambaye hachimbi shimo, hubeba kama siku 42 na kuzaa mmoja hadi watatu wenye manyoya na macho wazi. Panya wa majabalini mwenye manyoya magumu kama miiba, wa jenasi Acomys, ni panya kweli kweli kwa ukoo, lakini naye hubeba mimba kwa karibu siku 40 na kuzaa wawili watatu waliokwisha kukomaa. Na kileleni mwa njia hii yuko pimbi wa majabali ya Dodoma. Mnyama wa kilo tatu au nne hubeba mimba kwa takriban miezi saba na nusu, mwezi mmoja na nusu tu pungufu ya mwanamke, halafu huzaa wawili hivi walio tayari kuparamia mawe siku hiyo hiyo.

Mahali pa kulala peke yake hapatoshi kueleza yote. Maisha ya mama yenyewe yana sauti. Panya shamba wa porini hutazamiwa kuishi miezi, na wachache sana huvuka mwaka. Mama wa namna hiyo akichukua miezi miwili kumkuza mtoto mmoja, uwezekano ni mkubwa kwamba atakufa na mimba. Yeye anacheza na muda, kwa hiyo huzaa haraka, hupandwa tena saa chache baada ya kuzaa, na hubeba mimba nyingine huku akinyonyesha. Pimbi mkubwa aliyekwisha kupita hatari za utotoni ana miaka mbele yake, anaweza kungoja. Ndiyo maana nasema wingi wa watoto wa panya ni kipimo cha vifo. Ukiona mnyama anazaa kumi na mmoja na bado dunia haijajaa, ujue kwamba kwa wastani, katika maisha yote ya jike na dume, ni wawili tu wanaobaki kuwarithi. Wengine wote wamekwisha kuingia katika hesabu ya kufa. Mtu anayejisifu kwamba ameua panya mia nane mwezi wa Julai mara nyingi ameua ambao njaa ya Oktoba ingewaua bure.

Kuna kikomo kingine ambacho hakizungumzwi sana, nacho ni maziwa. Gharama ya mimba kwa panya ni ndogo ukilinganisha na ya kunyonyesha. Katika wiki ya pili na ya tatu mama hula mara mbili hadi nne ya chakula chake cha kawaida. Nchini Finland watafiti walijaribu kuwaongezea au kuwapunguzia watoto majike wa panya wa msituni, na watoto wa mizao iliyoongezwa waliachishwa wakiwa wepesi kuliko wenzao. Mama hakuwa na maziwa ya kuwatosha wote kwa uzito ule ule. Mwaka 2007 kundi la John Speakman nchini Uingereza lilionyesha jambo la ajabu zaidi: panya wa maabara walionyolewa manyoya wakati wa kunyonyesha walikuza watoto wazito zaidi, kwa sababu utengenezaji wa maziwa huzalisha joto, na mama mwenye manyoya hulazimika kupunguza kasi asije akachemka. Mfugaji wa sungura wa Dodoma mwenye banda la bati analiona jambo hilo Oktoba na Novemba, mama anapoacha kula mchana na watoto wakadumaa hata chakula kikiwa tele. Kwa panya shamba, shimo lenye kina cha kutosha na ubaridi ni sehemu ya uzazi wake kama zilivyo chuchu zake. Shamba lililolimwa na kupinduliwa humwondolea mama mahali hapo; shamba lililofyekwa na kuchomwa moto juu juu humwachia.

Turudi kwenye mlipuko. Mwaka 1954 Lamont Cole alionyesha kwa hesabu jinsi umri wa uzazi wa kwanza unavyotawala kasi ya kuongezeka kwa viumbe. Tuifanye kwa shamba moja. Wako majike kumi mwezi wa Januari. Kila mmoja anazaa 11, jumla 110. Tuseme nusu wanakufa, wanabaki 55, na kati yao 27 ni wa kike. Sasa weka mabadiliko ya aina mbili. La kwanza ni lile linalosemwa vijiweni: panya wamezidi kuzaa, sasa ni 13 kwa mzao. Wanazaliwa 130, nusu wanakufa, wanabaki 65. Umeongeza panya kumi. La pili: mzao ubaki 11 kama zamani, lakini wale mabinti 27 badala ya kungoja mvua za mwaka unaofuata wanazaa Aprili hiyo hiyo. Ishirini na saba mara 11 ni 297. Nusu wakifa wanabaki 148, juu ya wale 55 wa mwanzo. Badiliko la kwanza halionekani shambani. La pili ndilo linaloleta watu ofisini kwa afisa ugani.

Na badiliko hilo la pili hutegemea mvua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro na wenzao wa Ubelgiji, akiwamo Herwig Leirs, wamewafuatilia panya hawa kwa mitego ya kukamata na kuachia kwa miongo kadhaa, na mwaka 1997 matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Nature. Walichokiona ni kwamba idadi ya panya huongozwa na mambo mawili kwa pamoja: mvua ya miezi iliyopita, na msongamano wa panya wenyewe. Uzazi huanza wiki kadhaa baada ya mvua kuotesha majani mabichi na mbegu za nyasi. Mvua za Novemba na Desemba zikiwa nyingi, kizazi cha kwanza huzaliwa mapema, hupata chakula kizuri, na hukomaa ndani ya msimu ule ule. Zikiwa haba, watoto huzaliwa kwa kuchelewa, ukame huwakuta wakiwa wadogo, nao husimamisha ukuaji wao na kungoja karibu mwaka mzima. Morogoro ina vuli na masika. Dodoma ina msimu mmoja, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, wenye milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, kwa hiyo kamba ya muda ni fupi zaidi. Mvua zikishika Novemba, watoto wa Januari wanafika umri wa kuzaa majani yakiwa bado mabichi. Zikishika mwishoni mwa Januari, watoto wa Machi wanakomaa kiangazi kimekwisha kuingia. Tofauti ya miezi miwili hivi mwanzoni inakuwa kizazi kizima mwishoni.

Hapo ndipo hoja ya "panya wamebadilika" inapoanguka. Ni hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosafiri mbali. Kama uzazi wao ungekuwa umebadilika, mlipuko ungekuja kila mwaka na kuzidi kila mwaka. Hauji hivyo. Unakuja, unapotea miaka, unarudi baada ya mvua za mapema. Mnyama ni yule yule, kilichobadilika ni kalenda ya mvua. Anayesema sumu ya miaka iliyopita ndiyo iliyowafanya wazae zaidi amegusa kitu cha kweli kwa mkono usio wake. Sumu haiongezi chuchu. Lakini ukiua nane kati ya kila kumi wakati chakula ni kingi, wawili waliobaki wanarithi chakula cha wote, wanakomaa haraka, na mashimo yaliyoachwa wazi yanajazwa na wageni kutoka shamba la jirani katika wiki chache. Ule msongamano uliokuwa ukiwazuia umeondolewa kwa gharama ya serikali.

Hoja ya wanaotaka sumu ina uzito zaidi, na haifai kubezwa. Makadirio ya watafiti nchini yanaweka hasara ya mahindi kutokana na panya kati ya asilimia 5 na 15 kwa mwaka wa kawaida, na katika milipuko mashamba mengine hupoteza zaidi ya asilimia 80. Hasara kubwa huangukia siku za kupanda na wiki mbili zinazofuata, mbegu ikiwa ardhini au mche ukiwa bado unajitegemeza kwa punje. Kaya yenye debe moja la mbegu haiwezi kuambiwa ingoje ikolojia. Ni kweli kabisa. Na sumu iliyowekwa vizuri kabla ya kupanda inaokoa mbegu. Ubishi wangu uko kwenye tarehe na mahali. Wapo pia wanaosema tuache sumu kabisa, bundi na paka watamaliza kazi. Bundi anastahili kulindwa, na imani ya kumwua kwa sababu ya uchawi inatugharimu. Lakini hakuna bundi anayeweza kuzaa kwa kasi ya kumfuata panya aliyepata kizazi cha ziada katika miezi mitatu. Wawindaji hula sehemu ya wale ambao wingi wa mzao ulikwisha kuwatenga kwa ajili ya kufa.

Kazi yenyewe, kwa hiyo, iko kabla ya uzazi. Wakati ambao panya ni wachache, wana njaa, na kila jike aliye hai ni mama mtarajiwa ni mwisho wa kiangazi, Oktoba hadi mvua za kwanza. Panya mmoja aliyeuawa Novemba ni mzao mzima wa Januari uliofutwa, pamoja na ule wa Aprili. Siku hizo pia chambo kina thamani, kwa kuwa shambani hakuna kingine. Chambo kile kile ukikiweka Mei, mtama umekomaa na mbegu za nyasi zimejaa, utakikuta kesho yake hakijaguswa. Zinki fosfaidi, inayotumika sana kwa milipuko, huua kwa saa chache kwa kutoa gesi ya fosfini tumboni, na huchanganywa kwa kawaida kwa kiwango cha asilimia 2 katika mahindi yaliyoparazwa. Kosa kubwa ni kuiweka moja kwa moja. Panya huonja kidogo kitu kigeni. Akiugua na asife, hatakigusa tena msimu huo. Kwa hiyo weka mahindi yaliyoparazwa yasiyo na sumu siku mbili au tatu, sehemu zile zile, hadi uone yanaliwa yote, ndipo uweke yenye sumu usiku mmoja. Chambo kikilowa hupoteza nguvu, kwa hiyo usisubiri mawingu. Bromadioloni, sumu nyingine inayoua polepole, ya asilimia 0.005 haihitaji mazoezi hayo kwa sababu panya hufa baada ya siku kadhaa na hahusishi ugonjwa na chakula, lakini lazima iongezwe kila inapopungua kwa wiki nzima. Ukiweka mara moja na kwenda zako umewalisha nusu dozi. Kwa vyovyote vile, weka ndani ya kipande cha mwanzi au bomba la plastiki la urefu wa mkono hivi, kila mita 10, kuku na ndege wasifikie. Okota mizoga kila asubuhi na kuifukia, maana bundi au paka anayekula panya mwenye bromadioloni hula sumu hiyo pia.

Hayo yote hayana faida kwa mkulima mmoja anayefanya peke yake katikati ya mashamba kumi. Vitongoji vikifanya wiki moja, vikapanda kwa pamoja ili mbegu zisiwe za shamba moja moja kuanzia Desemba hadi Februari, vikasafisha kingo na kulima badala ya kuchoma tu, panya wanaorudi hawana pa kuzalia wala mbegu ya kufuata kwa muda mrefu. Katika utafiti uliofanywa Morogoro, mashamba yaliyolimwa kwa trekta yalikuwa na panya wachache kuliko yaliyofyekwa na kuchomwa. Jembe la ng'ombe haliingii kina cha trekta, lakini hata hilo hubomoa mashimo ya juu.

Na kuna mahali ambapo sumu isingepaswa kufika kabisa: miguuni mwa majabali na kwenye vichaka vya mpakani ambavyo si mashamba. Fanya hesabu nyingine. Katika panya shamba mia, umeua 80. Wamebaki 20, nusu majike. Kumi mara 11 ni 110, nusu wakifa wanabaki 55, na idadi imerudi 75 katika miezi mitatu hivi. Sasa weka pimbi mia kwenye kilima, waondoe 80 kwa mbwa, mitego na moto. Wamebaki 20, majike kumi, kila mmoja watoto wawili kwa mwaka, nusu wakifa wanabaki kumi. Mabinti hao hawazai mwaka unaofuata. Wanakomaa wakiwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mwaka wa kwanza 30, wa pili 40, wa tatu 55, wa nne 75. Miaka minne kufika pale panya walipofika kwa msimu mmoja, na hapo tumejifanya kwamba hakuna mkubwa hata mmoja anayekufa katikati. Panya wa majabalini, ambaye hula mbegu na kwa hiyo hula chambo, yuko karibu zaidi na pimbi kuliko na panya shamba kwa kasi ya kurudi. Sange hali sana nafaka, chakula chake kikubwa ni mchwa na wadudu. Yeye huuawa na moto wa kusafisha vichaka na mitego ya kutegwa kwenye vijia vyake, na mchwa anaowala sange ni jamii ya wale wanaokata mabua shambani. Wanyama hawa wamewekeza kila kitu katika mtoto mmoja au wawili kwa kutegemea kwamba wakubwa hawafi ovyo. Tunapowaua wakubwa ovyo, tunavunja msingi ambao ukubwa wa watoto wao ulijengwa juu yake.

Katika vikao vya kijiji vya msimu huu, kabla ya kuandika idadi ya katoni za sumu, ningeomba yaandikwe mambo mawili. Kwanza, nani atapima mvua. Kipimo cha plastiki kwenye nguzo ya ofisi ya kijiji na daftari la kurasa mia vinatosha; kila asubuhi saa tatu mtu mmoja asome na kuandika. Mvua ya Novemba na Desemba ikionekana kubwa kuliko kawaida ya miaka iliyoandikwa, kijiji kinajua mwezi wa Januari, si Juni, kwamba mabinti wa panya hawatangoja mwaka kesho. Kabla ya Februari kuisha kinaweza kutega mitego ya ndoo kwenye kingo, zikiwa zimefukiwa hadi ukingo na maji robo ndani, na kuomba msaada mapema. Pili, yaandikwe maeneo ambayo chambo hakitawekwa, kwa majina yake ya vilima na makorongo, ili vijana watakaogawa wasiyapitie. Sumu itakayobaki ifungwe kavu, ifungiwe mbali na nafaka na watoto, na itoke tena mwezi Oktoba.